Moshi wa Saa za Kazi

Wasifu uliosomwa kanisani siku tuliyomzika mama mkubwa ulikuwa na aya tatu, na katika aya ya pili mlikuwa na uongo. Ulisema marehemu alikuwa mtu mpole, mtulivu, asiyependa kusumbua wakubwa. Watu wa mtaa wetu waliinamisha vichwa kana kwamba wanasali, lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele, nikageuka, nikaona mabega yao yanatikisika. Dobi, jirani yetu ambaye pia ni mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa akisoma. Alipofika hapo akakohoa, akaruka mstari mzima. Mungu amsamehe, na mimi anisamehe zaidi, maana wasifu ule niliuandika mimi.

Niliuandika huku nalia, na mtu anayelia huandika yale yanayoandikwa kwa kila marehemu. Sasa imepita miezi minne. Machozi hayajaisha, ila yamejifunza kusubiri zamu yao. Nataka kuandika tena, na safari hii niseme kweli.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu mzazi. Mama alipofariki nikiwa darasa la sita, alinifuata kwa baba mdogo, akasema, "Huyu ni wangu," akazitia nguo zangu ndani ya gunia tupu la unga, tukaondoka. Kwa wiki mbili nilipiga chafya kila nilipovaa. Alinisomesha kwa mikate mpaka nikamaliza kidato cha nne, kisha nikabaki pale pale kwake, nikiuza mikate dirishani. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa.

Alioka kwa kuni miaka thelathini na moja. Mtaa mzima ulimwita Mama Mikate. Tanuri lake lilikuwa uani, la matofali, limeviringana kama kichuguu, lina mlango wa chuma mbele na bomba la moshi juu. Lazima nieleze lilivyofanya kazi, kwa sababu kisa chote kilitokea hapo. Watu wengi hudhani tanuri la kuni ni kama jiko, kwamba moto uko chini na chakula kiko juu. Sivyo. Moto huwashwa ndani kabisa, pale pale mikate itakapolala. Mama mkubwa aliuwasha kabla ya alfajiri, ukawaka saa mbili nzima, mpaka matofali ya ndani yakabadilika kutoka meusi kuwa meupe. Hapo aliyakokota makaa yote nje kwa chuma kirefu, akayatia kwenye pipa la bati na kulifunika, akapiga deki sakafu ya tanuri kwa tambara lililoloa, akaingiza mikate, akafunga mlango na kuziba nyufa kwa unga uliokandwa. Tangu hapo hakuna moto wala moshi. Joto lililonywewa na matofali linaoka mikate mikupuo mitatu, mpaka saa nne asubuhi.

Kwa hiyo ukija uani kwetu saa kumi na moja alfajiri, humwoni aliye mbele yako. Ukija saa tatu, utasema ni chumba cha wageni.

Moshi ule wa alfajiri ndio uliomwingia kifuani. Mwaka wa thelathini na moja alianza kukohoa kikohozi cha kushika ukuta. Nikampeleka hospitali. Daktari akamsikiliza mgongoni, akavua vifaa vyake masikioni, akamwambia, "Mama, hapa hakuna dawa ya kudumu. Ama uuache moshi, ama pumzi ikuache."

"Na mikate je?" akauliza mama mkubwa.

"Mikate achana nayo. Pumzika."

Tulirudi mpaka getini kwetu. Ndipo aliposema, "Daktari yule ni kijana mzuri, lakini anadhani mikate inaota." Kesho yake akawasha tanuri kama kawaida. Nilipomlaumu alinijibu kwamba mtu aliyeamka alfajiri miaka yote hiyo, ukimlaza mpaka saa mbili atakufa kwa aibu kabla kifua hakijamuua.

Mwaka huo huo Jiji likatangaza Mpango wa Hewa Safi. Gari la matangazo lilipita mtaani likitoa moshi mweusi kuliko sisi sote, na ndani yake sauti inasema tupunguze moshi. Mabasi yatakuwa ya umeme. Mapaa ya shule na zahanati yatawekwa sola. Na matanuri ya kuni yote yataondolewa: kila mwokaji atakayeandikwa kwenye Orodha ya Vyanzo vya Moshi atapewa na Jiji tanuri la umeme, atafungiwa nyaya, na lile la zamani litavunjwa. Ifikapo Januari, ni marufuku kuchoma kuni kwa biashara.

Mama mkubwa alinitaka nimsomee karatasi ya tangazo mara tatu. Kisha akaenda mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa, akakaa mstari wa mbele, akanyosha mkono.

"Hiyo hewa ukaa mnayosema, ndiyo nini?"

"Ni hewa inayotoka kwenye moshi, mama," akajibu mtaalamu. "Haionekani kwa macho."

"Kama haionekani, mmejuaje ni nyingi?"

"Tuna vipimo."

"Basi njoo kwangu na vipimo vyako vyote. Na kitambaa cha kufutia macho."

Watu wakacheka, lakini alirudi nyumbani ameshika mkono wangu kwa nguvu. Aliona njia. Akiandikwa kwenye orodha, ataoka bila moshi, na kifua kitapona au angalau kitaacha kuharibika. Asipoandikwa, Januari ikifika hana kuni, hana umeme, hana mikate. Sijawahi kumwona akiomba kitu kwa bidii kama alivyoiombea orodha ile. Hata sala ya chakula iliingizwa orodha.

Mkaguzi alikuja Jumanne, saa tatu na robo. Kijana nadhifu, shati jeupe, kishikwambi mkononi, na kifaa kidogo cha kupimia moshi kikining'inia shingoni. Mtaa ulimpa jina kabla hajafika kona: Bwana Kishikwambi. Mama mkubwa alimpokea kwa furaha, akamfutia kiti, akamwongoza uani.

Bwana Kishikwambi akanusa. Akainua kifaa chake juu, akakishusha, akakizungusha. Akatazama tanuri.

"Moto uko wapi, mama?"

"Umeshatoka."

"Umetoka umekwenda wapi?"

"Umemaliza kazi, mwanangu. Sasa linaoka."

"Linaoka bila moto?"

"Ndiyo."

Akaandika. Mama mkubwa akaona kidole kinavyokwenda, akashtuka. "Ngoja kwanza, usiandike hivyo. Moto upo, ila si sasa hivi. Tazama kuni zile pale."

"Kuni ni mali, mama. Mtu anaweza kuwa na kuni na asiziwashe."

Mama mkubwa akafunua pipa la bati. "Na haya?"

"Hayo ni makaa. Makaa yana fomu yake, na si idara yetu." Akaomba afunguliwe mlango wa tanuri. Mama mkubwa akaufungua, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mchungaji mkate ukiwa ndani. Bwana Kishikwambi akachungulia. Humo mlikuwa na sakafu safi na mikate ishirini na minne imelala. "Fomu inasema niandike nilichokiona," akasema kwa upole wa kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Chanzo cha moshi kilichoonekana: hakuna."

Akanunua mikate miwili, akaaga.

Baada ya wiki tatu tukaletewa barua yenye mhuri. Ilimpongeza mama mkubwa kwa kuendesha karakana isiyochafua hewa, ikasema hahitaji kuingia kwenye orodha, na ndani yake mlikuwa na stika ya kijani yenye picha ya jani, ya kubandikwa mahali pa wazi. Mama mkubwa akaniomba gundi. Akaibandika kwenye mlango wa choo.

"Miaka thelathini na moja navuta moshi," akasema, "leo naambiwa nilikuwa naota."

Nikaandika rufaa. Kalamu ilikuwa kazi yangu nyumbani, kwa sababu ya kidato cha nne. Niliandika kurasa mbili, nikamalizia kwa "wako mtiifu," ingawa mama mkubwa alitaka niandike "wako mwenye moshi." Jibu likaja haraka kuliko tulivyotarajia: ukaguzi wa pili utafanywa kwa kushtukiza, siku yoyote ndani ya siku kumi na nne, katika saa za kazi, yaani saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Nilikwenda mwenyewe ofisini kuomba mkaguzi aje alfajiri. Karani akaniuliza kama nimewahi kuona ofisi ya Jiji ikifunguliwa alfajiri. Nikasema sijawahi. Akasema hata yeye.

Nikamweleza mama mkubwa. Alikuwa anakanda unga. Akakanda kidogo, akasimama, akakanda tena.

"Saa mbili mpaka saa tisa na nusu?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Basi moshi nao utaripoti katika saa za kazi."

Na ukaripoti. Kuanzia siku ile, mikate ya asubuhi ilipotoka, aliwasha tanuri mara ya pili bila kuwa na cha kuoka. Alitafuta kuni mbichi, magome yaliyonyeshewa, majani ya kufagiliwa. Alipata moshi mzito, wa rangi ya maziwa yaliyoharibika, uliopanda, ukafikiri, kisha ukashuka upande wa pili wa ukuta. Upande wa pili wa ukuta ndipo dobi anapoanika mashuka ya hoteli.

Dobi alikuja akiwa na shuka mkononi kama mtu anayeleta ushahidi mahakamani.

"Mama Mikate, hii ilikuwa nyeupe."

"Pole, Mzee wa Kanisa."

"Pole haifui. Mbona unawasha mchana? Unaoka nini?"

"Sioki kitu. Namsubiri mkaguzi."

Dobi akaketi juu ya rundo la kuni. Akasema kwa sauti ile ya kuombea wagonjwa, "Dada yangu, huo si udanganyifu? Umwonyeshe mtu wa serikali moto ambao si wa kuokea?"

"Udanganyifu uko wapi? Moshi ni wangu wa halali. Kila siku upo. Mimi nauhamisha saa tu."

"Na mashuka yangu?"

"Hayo yaombee."

Mimi niliyasikia nikiwa dirishani, nikacheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Lakini usiku niliomba toba kwa ajili yetu sote, maana sikuwa na hakika. Hadi leo sina. Nilichokuwa na hakika nacho ni kifua. Sasa alikuwa anauvuta moshi mara mbili kwa siku, ule wa kuoka na ule wa kuonyesha, na ule wa kuonyesha ulikuwa mbaya zaidi. Siku ya tano alikohoa mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Nilimsihi aache. Akanyosha vidole kuniambia zimebaki siku tisa.

Siku ya tisa, saa tano kasoro, aliingia ndani kubadilisha khanga iliyoshika cheche. Dobi, ambaye hoteli ilikuwa imemtishia kumnyang'anya kazi, aliona nafasi. Sikumwona akipita. Nilisikia tu mlio wa shwaa, kama mafuta yamemwagiwa maji, na nilipokimbilia uani nikamkuta mzee wa kanisa amesimama na ndoo mbili tupu mbele ya tanuri linalochuruzika maji meusi.

Na nyuma yangu, getini, sauti nadhifu ikasema, "Hodi hapa."

Ni Bwana Kishikwambi. Alikuja, akatazama, akainua kifaa chake. Mvuke mweupe ulikuwa ukielea.

"Huu ni mvuke wa maji," akasema. "Kifaa hakiuhesabu."

Mama mkubwa akatoka na khanga mpya. Akaona ndoo. Akaona tanuri. Akamwona dobi akijaribu kujificha nyuma ya ndoo zake mwenyewe. Nilidhani atapasuka. Badala yake akauliza kwa utulivu ulionitisha, "Unaandikaje, mwanangu?"

"Chanzo cha moshi kilichoonekana: hakuna. Samahani, mama. Uamuzi wa pili ndio wa mwisho."

"Nipe nakala."

"Nakala?"

"Karatasi. Yenye mhuri. Nitahitaji nyingi."

Alipoondoka, dobi alipiga magoti pale pale kwenye maji meusi, akaomba msamaha. Suruali yake haikutakata tena. Mama mkubwa akamwambia, "Inuka. Kanisani nitakusamehe Jumapili. Mpaka hapo, utanifanyia kazi."

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Hakuoka. Kesho yake alfajiri aliamka kama kawaida, akavaa, akakaa kwenye kiti mbele ya tanuri baridi, mikono mapajani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mzaha huu haukuwa mzaha. Alikuwa anajitesa zaidi kwa kukaa kuliko kwa kukohoa. Dirishani nilibandika karatasi ya Jiji yenye mhuri, na chini yake tangazo aliloniamuru niandike kwa herufi kubwa: "Wateja wapendwa, Jiji limethibitisha mara mbili kwamba tanuri hili halina moto. Tumetii. Mikate hakuna. Maswali yote yaelekezwe Idara ya Mazingira, saa mbili hadi saa tisa na nusu."

Manesi waliotoka zamu walisoma mara mbili. Walimu walisoma. Kondakta wa basi alisoma kwa sauti ili waliokuwa nyuma wasikie. Kazi ya dobi ilikuwa kusimama mlangoni na kuwaelekeza watu njia ya kwenda ofisini, na aliifanya kwa moyo wote, kama anayepanga watu kwenye ibada.

Lakini sinia ndilo lililomaliza kazi. Idara ya Mazingira walikuwa wateja wetu. Kila siku saa nne nilikuwa nawapelekea sinia la mikate ya chai, limefunikwa kitambaa cheupe. Siku ile mama mkubwa alilipangusa sinia, akaweka nakala ya karatasi ya ukaguzi katikati, akafunika kitambaa, akanyosha pembe zake nne.

"Peleka."

"Mama mkubwa, nitafukuzwa."

"Ukifukuzwa, rudi na sinia. Ni la harusi yangu."

Nilipanda ngazi za Jiji nikisali moyoni. Chumba cha chai kilikuwa kimejaa. Mkuu wa idara, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameshamimina chai yake, na Bwana Kishikwambi alikuwa ameketi pembeni. Mkuu akafunua kitambaa mwenyewe. Akakitazama kile kilichokuwa chini yake. Akakiinua, akakigeuza kuona kama kuna mkate upande wa pili.

"Hii ni nini?"

Nikasema kama nilivyofundishwa: "Shikamoo, mama. Ni mikate ya leo. Imeokwa katika tanuri lisilo na moto."

Kijiko cha mtu kikagonga kikombe.

"Wewe," mkuu akamgeukia Bwana Kishikwambi, "hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikwenda mara mbili. Niliandika nilichokiona."

"Na mikate uliyokuwa unakula hapa kila siku, ulidhani inaokwa na nini?"

"Fomu haina sehemu ya kudhani, mheshimiwa."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mkuu hakucheka. Akaniuliza tanuri linawashwa saa ngapi hasa. Nikamweleza yote, kuanzia kuni mpaka tambara. Alisikiliza kama mtu aliyewahi kumwona bibi yake akifanya hivyo. Nilipomaliza, akasema, "Kesho saa kumi na moja alfajiri tutakuwa kwenu."

"Si saa za kazi, mheshimiwa," akasema Bwana Kishikwambi kwa sauti ndogo.

Mkuu akamsogezea sinia tupu. "Basi kula hilo."

Walikuja. Saa kumi na moja kasoro dakika tano gari liliegeshwa getini. Mama mkubwa alikuwa amechagua kuni zile zile za kila siku, kavu, hakuongeza hata gome moja bichi. Nilimwona. Nalisema hili kwa sababu baadaye dobi alitia chumvi, akasema tulichoma tairi. Haikuhitajika. Moshi wa kawaida ulitosha. Bwana Kishikwambi aliingia uani na shati lake jeupe, na hatua ya tatu hatukumwona tena. Tulisikia kifaa chake kikilia, kikalia tena, kisha kikalia mfululizo kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Umeona chanzo?" mkuu akauliza kutoka getini.

"Sioni kitu, mheshimiwa!"

"Basi angalau leo una sababu," akasema mama mkubwa. "Andika, mwanangu."

"Sioni kioo, mama!"

"Papasa."

Halafu kikohozi kikamkamata. Hakikuwa cha kuigiza. Alishika ukuta, akainama, na kilidumu mpaka kicheko chetu chote kikafa. Mkuu wa idara aliingia ndani ya moshi kwa viatu vyake vizuri, akamshika mabega, akamtoa nje, akamkalisha kwenye ngazi. Walikaa hapo wawili, macho yote mekundu.

"Mama, hivi unafanya kila siku?"

"Jumapili sifanyi."

Mkuu akachukua kishikwambi kutoka kwa kijana aliyekuwa akipapasa, akaandika mwenyewe. Sijui aliandika nini. Najua aliandika kwa kirefu, na kwamba siku ya nne jina la mama mkubwa lilikuwa kwenye orodha, la kwanza kutoka juu.

Tanuri la umeme lililetwa Desemba, siku kumi kabla ya marufuku. Lilihitaji wanaume sita na maneno ambayo dobi aliomba yasirudiwe mbele ya watoto. Kabla ya kulifunga, sheria ilitaka la zamani livunjwe. Mama mkubwa hakukubali mtu mwingine aanze. Alichukua nyundo, akaniambia nisimtazame, akapiga pigo moja juu ya upinde. Masizi ya miaka thelathini na moja yakashuka kwa pamoja, nusu juu yake na nusu juu ya Bwana Kishikwambi, aliyekuwa amesogea karibu ili apige picha. Alipofumbua macho, mama mkubwa akamfuta shavu moja kwa khanga, akamwachia lingine.

Alioka katika tanuri lile la umeme miaka miwili na miezi mitatu. Daktari yule kijana alimsikiliza mgongoni kila baada ya muda, na kila mara alisema kifua hakijapona, lakini hakijarudi nyuma. Kilichomchukua mwishowe ni moyo, Jumamosi mchana, akiwa ameketi. Hakukohoa siku ile. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Ila nataka kueleza siku ya kwanza. Tanuri la umeme lina mlango wa kioo na taa ndani. Tulikuwa tumesimama wote: mimi, dobi, fundi umeme, na Bwana Kishikwambi aliyekuja kuandika matokeo. Mama mkubwa akaingiza mikate kumi na miwili, akafunga, akabonyeza alipoonyeshwa. Kisha akainama kuangalia, akabaki ameinama. Katika miaka yote ile ya mlango wa chuma, hakuwahi kuona mkate wake ukiiva. Aliuweka ukiwa hivi, akautoa ukiwa vile. Yaliyotokea katikati hakuyajua.

"Njoo uone," akaniita, bila kugeuka. "Unavimba. Kumbe unavimba kuanzia ubavuni!"

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya kioo. Ganda likaanza kupasuka juu, naye akalinyoshea kidole. Rangi ikabadilika, akatutajia kila rangi. Kengele ikalia kwamba muda umekwisha. Fundi akanyosha mkono kuzima.

"Usiguse!" akasema. "Bado unafanya kitu."

"Mama, itaungua."

"Ngoja kidogo. Tazama yule wa pembeni."

Tukangoja. Hakuna aliyethubutu. Mikate yote kumi na miwili iliungua mpaka ikawa myeusi, mama mkubwa akiwa ameegemeza viwiko magotini, anaitazama mmoja mmoja. Tuliila hivyo hivyo kwa chai, tukikwangua kwa kisu. Bwana Kishikwambi alikula miwili, akajifuta midomo, akaandika: majaribio yamefaulu.